Feni ya Mama Muhsin

Basi la Temeke lilipopita Kurasini, mjane Adelina alijikuta amesahau amefikia wapi kwenye rozari. Nyuma yake Muhsin, kuli wa bandarini, alikuwa akimweleza bibi asiyemjua namna alivyong'oa mota ya gramafoni mbovu, akaifungia mapanga ya bati na betri za redio. Mama yake aliyepooza akivuta uzi kwa kidole, feni inazunguka.

"Nikiwa kazini hapati joto," alisema. "Tena haili betri. Tangu Ramadhani ni zile zile, na duka la ushirika mpya hazionekani."

"Mwanangu, betri isiyokwisha haijatumika," bibi akamwambia. "Jioni nani humpepea?"

"Mie, kwa kipepeo cha ukili. Jioni mama feni haitaki kabisa."

"Basi anakungoja wewe."

"Mchana kutwa, na joto lote hili? Si ataugua, bibi?"

"Kamuulize yeye, usiniulize mie."

Adelina alimkumbuka marehemu mumewe, aliyekuwa hanywi dawa mpaka yeye Adelina amshikie kikombe, ilhali mikono anayo. Basi liliposimama, Muhsin alishuka mbio, hata kuaga akasahau. Adelina akaanza rozari upya, na Salamu Maria ya kwanza akamwombea mama wa kijana yule.