Moto Ambao Chuma Hakuusikia

Reli ilikuwa imefika Dodoma, na Mjerumani hakutaka ipumzike. Karibu na stesheni palikuwa na gogo la wanywa kahawa, na hapo ndipo Swedi, mbeba mataruma ya reli, alipokuwa akijikongoja siku hizi. Kiuno kilimkatika akiinua taruma, maumivu yakamshuka hadi nyayoni. Kijiwe hakikosi waganga. Mazengo Chapa, mfugaji, alimchoma nyuma ya paja kwa chuma cha kuwekea ng'ombe alama. Swedi hakutikisika, wakambatiza Chuma.

— Ndama wangu hulia, Mazengo alisema. Huyu hata kope.

— Upepo ulijificha kwenye mshipa, alisema Athuman Shauri, mpenda kesi za boma. Dawa ya moto ni moto.

— Upepo gani? Mazengo alibisha. Taruma limevuka bahari na jini lake.

— Basi jini kaungua. Maumivu si yamekwisha, Chuma?

— Yamekwisha.

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomtisha. Miguu ilikuwa mizito, na gogo alilolikalia hakulisikia kabisa. Lakini maskini, hajawahi kusifiwa maishani mwake, na jina lile lilikuwa tamu.

— Kesho akabebe, Athuman aliamua. Mvumilivu hula mbivu.

Ndipo akatokea Arafa, dada yake mkubwa, aliyefika asubuhi ile na msafara wa Tabora.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba.

Alichutama, akakibonyeza kidonda kibichi. Swedi aliendelea kupuliza kahawa yake.

— Mdogo wangu, moto uliusikia?

Swedi alitikisa kichwa; hakuusikia.

Swedi alishusha mkono ajiegemeze, akakuta gogo limelowa. Alidhani amemwaga kahawa. Kikombe kilikuwa kimejaa. Alikuwa amejikojolea bila kujua.

Arafa alimfunga kanga yake kiunoni.

— Baba alianza hivihivi, kwa mizigo ya pembe za ndovu. Tulingoja apone, hakusimama tena. Huyu habebi kitu. Leteni mlango alazwe, aende kwa daktari wa boma sasa hivi.

Mlango wa kibanda cha kahawa uling'olewa bila mwenyewe kuombwa. Athuman na wapita njia waliubeba, Mazengo akatembea kando yao, ameikumbatia miguu ya Swedi isiteleze. Alikuwa analia.

— Mazengo, Swedi aliita, macho juu. Nishike miguu, nitaanguka.

— Nimeishika, ndugu yangu. Nimeishika tangu tulipotoka.