Samuel Chonga Jefwa, Kinyozi wa Majengo Aliyemrudisha Mama Kwao

Marehemu Samuel Chonga Jefwa, ambaye jana alitolewa Mombasa na leo amefika Mkwajuni, alizaliwa hapa hapa Mkwajuni, Kilifi, tarehe 3 Mei 1967. Wazazi wake walikuwa mzee Jefwa na mama Kadzo, na aliyemtangulia kuzaliwa ni dada yake, Priscah. Alitanguliza miguu, mkunga akapata taabu naye kutwa nzima, na mama yake alipenda kusema kwamba mwanawe alianza ubishi kabla hajauona mwanga. Wanaomjua wanajua kwamba hakuuacha.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Hesabu aliziweza, insha zilimshinda. Mwaka aliomaliza darasa la saba mvua haikunyesha, ng'ombe wakafa, na habari ya sekondari ikaishia hapo. Mnamo Februari 1984 alishuka Mombasa, akapanga chumba Majengo katika nyumba ya udongo, akapata kazi ya uhamali sokoni Marikiti. Alibeba magunia ya kabichi na matenga ya maembe kwa miaka saba. Alikuwa na mgongo mpana na mdomo mpana zaidi, na wachuuzi walimpenda kwa vyote viwili.

Mwaka 1991 mambo yalibadilika. Mapema mwezi wa Oktoba, mtoto wa mzee Ngumbao, mdogo wake mzee Jefwa, alikufa kwa homa. Katika matanga, mbele ya watu, Ngumbao alisema kwamba kaka yake ndiye aliyemla mwanawe kwa uchawi. Mzee Jefwa alikuwa na mvi kichwa kizima, na hapa kwetu mvi zimewahi kutosha kuwa ushahidi. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 12, vijana walimwendea na mapanga. Samuel alikuwa amekuja kuhani. Aliinua mkono wa kushoto kumkinga baba yake, akabaki na kidole gumba na kidole cha shahada tu. Baba yake hakupona. Nyumba ilichomwa, na mama Kadzo akaambiwa asionekane tena. Hakuna aliyewahi kushtakiwa.

Samuel alipotoka hospitali alimkuta mama yake ameketi kwenye chumba cha Majengo, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Neno la kwanza alilomwambia mwanawe halikuwa pole.

"Chonga, mimi sitaki kufa huku. Nirudishe nikafie kwangu."

"Nitakurudisha, mama," alimjibu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mkono mmoja, na hakuwa na kazi. Tangu siku hiyo yote aliyoyafanya aliyafanya akiitazama ahadi hiyo.

Uhamali hautaki mkono mmoja. Aliyemwokoa ni marehemu mzee Taib, kinyozi wa Mji wa Kale, ambaye Samuel alikuwa akimpelekea maembe. Taib alimtazama mkono, akamtia kitana baina ya vile vidole viwili. "Kitana chashikwa na vidole viwili," alimwambia. "Hivyo vyengine ni vya mapambo. Haya, nyoa." Samuel alijifunza kwa Taib miaka mitatu. Masikio aliyoyakata mwaka wa kwanza hatuyasemi, maana wenyewe wengine wapo hapa. Mwezi Juni 1995 alifungua kibanda chake cha kunyolea Majengo, cha mabati, chenye kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembeni.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na Trizah Awiti, binti wa mzee Odera aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Walikutana kwenye kwaya, kanisani Tononoka, ambako Samuel aliimba besi kwa sauti kubwa na nje ya wimbo. Mzee Odera alimuuliza mkwe wake mkono huo utamlishaje binti yake. Samuel alimwomba aketi, akamnyoa ndevu kwa wembe, taratibu, bila kumkwaruza. Mzee alijipapasa shavu akasema harusi iendelee. Mungu aliwajalia watoto wawili, Everlyne Kadzo na Seth Jefwa.

Kazi haikuwa nyepesi. Watu wa nyumbani walio Mombasa walikipita kibanda chake bila kugeuza shingo, kwa kuwa nywele za mtu zikiangukia mikono isiyofaa zinaweza kumfanyia mwenyewe mabaya, na yeye alikuwa mwana wa mzee aliyeitwa mchawi. Samuel hakubishana na mtu juu ya hilo, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Alianza kukusanya nywele za kila mteja, kuzifunga kwenye kipande cha gazeti, na kumkabidhi mwenyewe aondoke nazo. Aliwafanyia hivyo wote, wa Kilifi na wa bara. Mjaluo mmoja wa bandarini alimuuliza, "Sasa hizi nizipeleke wapi, nikapikie?" Lakini wa nyumbani waliiona ile karatasi, na mmoja mmoja wakaanza kuja.

Waliokuja zaidi walikuwa wazee, na hawakutaka kunyolewa. Walitaka kupakwa piko, nywele ziwe nyeusi, warudi kijijini wakiwa na sura ya watu ambao hawajafikia umri wa kuuawa. Samuel aliwapaka, na hakuwacheka. Zake mwenyewe zilianza kuwa nyeupe alipofika miaka thelathini na tano, na hakuzigusa. Trizah alimsihi azipake, japo siku za kwenda matangani tu. Alimjibu kwamba baba yake aliuawa kwa kuwa na nywele, si kwa kuwa na kosa, na yeye akizificha atakuwa amekubali kwamba ni kosa. Trizah aliogopa kila mumewe alipopanda basi, na anasema hivyo mpaka leo bila kuficha.

Aprili 2008, alasiri moja, baba mdogo Ngumbao alisimama mlangoni pa kile kibanda. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso kwa miaka kumi na sita na ushei. Trizah alikuwa ndani akikunja taulo.

"Hodi, mwanangu."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nifungie pazia."

Alivua kofia. Kichwa kilikuwa cheupe chote. "Vijana wameanza kunitazama," alisema. "Nikipita, wanyamaza. Nimeambiwa wewe wapaka."

Samuel alichukua wembe uliokuwa mezani, akauweka juu ya kabati, akawasha mashine. Alimpunguza, akampaka piko kichwa kizima, akamsuuza. Alipomaliza alizifunga nywele kwenye gazeti kama kawaida yake, akamnyooshea karatasi hiyo.

"Itupe tu," Ngumbao alisema. "Ungetaka kunidhuru, wembe si ulikuwa nao?"

"Wembe nimeuweka mbali, baba. Leo sijiamini."

Ngumbao aliinama. Samuel aliketi kwenye benchi la wateja, mkabala naye. "Piko hudumu mwezi," alimwambia. "Mwezi ujao utarudi, na mwezi wa pili utarudi, na siku moja utachelewa. Mimi nina dawa nyingine. Twende na mama. Usimame naye mbele ya watu, useme yale uliyosema matangani hayakuwa kweli. Mvi zake zikikaa salama pale kijijini, zako nazo zitakaa."

"Nisimame naye? Mimi wataniua kabla yake."

"Huenda."

Ngumbao alivaa kofia akaenda zake. Kesho yake Samuel hakufungua kibanda. Alimwambia mkewe kwamba alitamani yule mzee afe, na kwamba aliogopa sana asije akafa kabla hajasema.

Mwezi wa Julai Ngumbao alirudi. Piko ilikuwa imetoka, nywele zimeota nyeupe kwa chini. Samuel alimpangusia kiti.

"Sikuja kukaa," Ngumbao alisema. "Wamemuua mzee Kitsao pale kijijini, na piko yake kichwani. Mama yako yuko wapi?"

Alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mchicha. Ngumbao alimwendea, akapiga magoti mavumbini. Mama Kadzo alimaliza fungu alilokuwa nalo mkononi kabla hajamtazama. "Umechelewa, shemeji," alimwambia. "Lakini mimi bado nataka kwenda."

Baraza lilifanyika hapa Mkwajuni Jumamosi tarehe 16 Agosti 2008. Dada Priscah alikataa kuhudhuria, na hakuna aliyemlaumu. Ngumbao alisimama karibu na mama Kadzo, wote vichwa wazi, akasema kwamba alimsingizia kaka yake kwa uchungu wa mtoto, na kwamba anayemtaka mchawi aanze na yeye. Vijana waliguna. Mmoja alirusha jiwe, likampata Samuel begani. Samuel aliliokota akalikalia, watu wakacheka kidogo. Kisha alifungua sanduku lake la vifaa vya kunyolea na kuuliza nani anataka kunyolewa bure. Alingoja mpaka jua lilipoanza kushuka, na aliyejitokeza alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amelewa.

Hata hivyo alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kufikia Krismasi palikuwa na foleni. Nyumba ilijengwa upya pale pale ilipochomwa, na mwezi wa Februari 2009 mama Kadzo alihamia. Samuel alilala mlangoni kwake miezi ya kwanza, na alikiri wazi kwamba aliogopa. Mama aliishi humo miaka saba. Alifariki tarehe 2 Novemba 2016, kitandani mwake, kwa uzee, nywele zake nyeupe kama pamba. Hatusemi kwamba kijiji kimepona. Piko bado inauzwa, na wapo wanaoinunua kwa hofu. Tunachosema ni kwamba tangu baraza lile hakuna mzee aliyeguswa Mkwajuni.

Watu wengine walimwita Samuel shujaa. Neno hilo lilimfanya acheke kwa pua. Alikuwa mtu wa hasira, aliyebishana na redio, asiyekubali kamwe kwamba amepotea njia. Lakini alikuwa hajui kuonewa huruma, na hasira yake aliitia kazini badala ya kuitia mkononi. Aliogopa waziwazi na bado akaenda. Sisi hatuna jina lingine la jambo hilo.

Mwezi wa Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu Mombasa mara mbili kwa wiki, na aliwanyoa wagonjwa wenzake wakiwa wamelala kwenye mashine, mpaka wauguzi wakamkataza, kisha nao wakaanza kumletea watoto wao. Mwanzoni mwa mwaka huu hali ilizidi. Alimwambia Trizah mambo mawili: kwamba kibanda apewe Seth, na kwamba asipelekewe mtu yeyote wa kumwombea kwa kelele. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika ule mkono wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Wiki hii, familia ilipokuwa Majengo ikiandaa karatasi hii, mzee Ngumbao, ambaye sasa ana miaka themanini na moja, alifika mwenyewe na mkongojo wake. Aliomba aandikwe kati ya wafiwa, kama baba wa marehemu.

"Baba wa Chonga alikuwepo," dada Priscah alisema. "Alikufa kwa kinywa cha nani?"

"Kwa changu," Ngumbao alijibu.

Trizah hakuingilia. Alisema tu kwamba mumewe alimwamkia mzee huyo shikamoo mpaka mwezi uliopita, na kwamba uamuzi ni wa wifi yake. Priscah alilia kwanza, kilio cha miaka mingi, na mzee akasimama pale pale akimngoja. Mwishowe Priscah alijifuta uso kwa leso yake.

"Mwandikeni," alisema. "Lakini mwandikeni mwisho."

Marehemu Samuel Chonga Jefwa ameacha mjane, Trizah Awiti. Watoto wawili, Everlyne Kadzo na Seth Jefwa. Mjukuu mmoja, Ashley. Na dada yake, Priscah.

Ameacha na baba, Ngumbao.

Alale kwa amani, kwao.