Mwalimu Marhoon bin Aflah na Jenerali Wake wa Ukutani

Bismillahi Rahmani Rahim. Mabwana na mabibi mliokusanyika hapa Wattaya, nje ya Muscat, na saumu zenu, khitma imekwisha na adhana ya magharibi bado. Nafasi hii ndogo iliyobaki, familia imempa Bwana Harub, shemeji wa marehemu, awasomee maisha ya mwalimu wetu. Watu wa hapa hawana desturi ya kusoma wasifu msibani. Lakini marehemu aliwaambia binti zake mapema kwamba mtu aliyefundisha historia miaka ishirini na tisa hazikwi bila ya tarehe, na tarehe zake ni hizi.

Marhoon bin Aflah alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Mkunazini, tarehe 6 Machi 1912, mtoto wa pekee wa Bwana Aflah na Bi Mahbuba. Baba yake alitoka Muscat akiwa kijana, akafungua duka la nguo, na kila biashara ilipomnyookea alimpelekea kaka yake huku fedha za kununulia ardhi, kupanda mitende na kuchimba kisima. Shamba lililopatikana kwa fedha hizo ndilo hili tulilokaa leo. Mzee Aflah hakujaaliwa kuja kuliona limestawi.

Marhoon alisoma Qurani chuoni, kisha skuli ya serikali, kisha akasomea ualimu. Alikuwa mwanafunzi mwema kwa kila kitu isipokuwa kasida. Sauti hakupewa kabisa, na siku za maulidi mwalimu wake alikuwa akimpa kazi ya kushika chetezo ili mdomo wake usishughulike. Mwaka 1935 akaanza kufundisha.

Mwaka huohuo mfanyabiashara mmoja wa kigeni alifunga nyumba yake aende kwao, vitu vyake vikapigwa mnada. Mwalimu alikwenda kununua kiti. Alirudi na kitabu kisicho na jalada na picha ya mzungu mwenye ndevu ndani ya fremu, akakaa chini mkekani mwaka mzima kwa sababu kiti hakukinunua.

Picha ile ilikuwa ya Jenerali Grant wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1822, na kitabu kilikuwa cha maisha yake. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, na yeye hakustahamili kazi ya ngozi wala kuona damu. Nyama yake lazima ichomwe hata iwe nyeusi. Alielewana na farasi kuliko na watu. Aliacha jeshi, akajaribu kulima mambo yakamwendea kombo, akauza kuni mabarabarani, mwisho baba yake akamtia dukani kumsitiri. Kisha Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na vita vilipofikia ukingoni, yule muuza kuni ndiye aliyekuwa akipokea silaha za jeshi lililoshindwa.

Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa akiishusha sauti darasani. Jenerali, akiwaambia, alikwenda kupokea ushindi na koti la askari wa kawaida, lina matope. Aliwaachia walioshindwa farasi na nyumbu wao warudi nao makwao wakalime, maana msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Akawapelekea chakula. Askari wake walipoanza kupiga mizinga ya furaha akawakataza, akasema wale sasa ni wenzao tena. Wanafunzi waliopita mikononi mwa Mwalimu wamesahau wafalme wote aliowakaririsha, lakini farasi wale hakuna aliyewasahau.

Tabia nyingine za Jenerali Mwalimu alizichukua bila ya kuulizwa na mtu. Nyama isiyoungua hakula. Na kama Jenerali, hakupenda kurudi njia aliyokwisha kuipita, akipotea, huzunguka. Tulipokwisha kuhama Unguja na kukaa Matrah, jirani na Muscat, alitoka siku moja kwa miguu kuja Wattaya, akaipita njia ya kuingilia bila ya kuijua. Mtu mwingine angegeuka. Yeye alikwenda mbele hata akatokea Al Khuwair, ambako palikuwa na mbuzi na miti ya miiba tu, akazunguka vilima akafika anakohoa vumbi. Alipoulizwa ametoka wapi, alijibu kwamba alikuwa akitazama nchi.

Tarehe 12 Agosti 1944 alimuoa Bi Rahila, dada wa msomaji wa wasifu huu. Bi Rahila aliikuta picha ukutani mbele yake, na tangu siku ya kwanza alimwita Jenerali mke mwenzake. Wageni wakimuuliza hali, husema, “Mimi sijambo, na mke mwenzangu mwenye ndevu hajambo.” Mungu aliwapa binti wawili, Aliya na Nasriya. Nyumba yao ilikuwa na vicheko, na mwenye kuishi humo anaweza kusema hivyo kwa kiapo.

Yaliyotokea Unguja mwaka 1964 kila aliyekaa hapa anayajua, na hatutayarejea mbele ya futari. La kusema ni hili: wakati kila mmoja wetu ana mtu wa kumlaani, Mwalimu hakulaani. Alifunga virago akanyamaza. Mabibi wengine walifunga dhahabu. Yeye alimfunga Jenerali. Bi Rahila aligundua tulipokwisha kufika Matrah kwamba mahali pa sufuria yake kubwa ya biriani pana mzungu.

Matrah tulipanga chumba kimoja, watu watano, godoro moja. Kazi ya skuli haikupatikana, skuli zenyewe zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mwalimu akawa karani wa mfanyabiashara wa nguo sokoni, akimwandikia barua zake za Kiingereza. Alizoea haraka kuliko sisi. Usiku milango ya mji wa Muscat ikifungwa na watu wakitembea na kandili mkononi, sisi tulinung'unika, yeye alisema nchi ina mpango wake na sisi ndio wageni.

Kilichomtia uzito kilikuwa shamba la baba yake. Alikaa ndani yake Sheikh Mahfoudh, mtoto wa ami yake, aliyezaliwa humo na kulilima maisha yake yote. Mahfoudh alitupokea kwa kahawa, lakini Mwalimu alipotaja jina la baba yake, alijibu bila ya kupepesa macho: “Baba yako aliondoka. Shamba ni la aliyekaa.” Hapakuwa na njia ila kwa kadhi. Wazee walishuhudia fedha zilitoka wapi, na mwezi wa Aprili 1965 kadhi akahukumu kwamba shamba na vilivyomo ni vya Marhoon bin Aflah. Mahfoudh aliamriwa atoe ufunguo kabla ya mavuno ya tende. Umri wake ulikuwa miaka hamsini, na pa kwenda hana ila kwa wakwe zake Yiti, watu wa samaki, na yeye samaki humjua akiwa sahanini tu.

Siku ya kuletwa ufunguo Bi Rahila alipika halwa, akakusanya mabibi wa kutosha kupiga vigelegele. Baada ya alasiri Mahfoudh akaja Matrah peke yake, akavua viatu, akaingia ndani ufunguo mkononi. Akasimama mbele ya picha. Alisema Kiarabu, na hapa tunayatia Kiswahili.

“Huyu ndiye babu?” aliuliza. “Nimesikia alikuwa na ndevu namna hii. Pua ni ya baba yangu.”

Kabla mtu hajafungua mdomo, alinyanyua mikono akamsomea Fatiha, taratibu, na machozi yanamtoka. Sisi wengine tulinyanyua mikono naye, tungefanya nini. Nyuma ya pazia mabibi waliuma kanga zao. Mwalimu alisubiri hata amin ikapita.

“Sheikh Mahfoudh, Mungu akulipe kwa dua yako,” alisema. “Lakini huyo si babu. Ni Mmarekani.”

“Mmarekani?”

“Jenerali.”

“Na ukutani kwako anafanya nini?”

Basi Mwalimu akamkalisha, akaanza: ngozi, kuni, duka, vita. Kisa kile alikuwa amekisimulia miaka thelathini kwa watoto waliokaa mbele yake kwenye mabenchi. Siku ile mbele yake alikaa mtu mzima aliyeshindwa, na ufunguo gotini. Alipofika kwenye farasi akakikatiza kisa. Akamuuliza Mahfoudh jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

“Fahali wako wa kutekea maji yuko wapi?”

“Yuko shambani. Kadhi kasema shamba na vilivyomo.”

“Fahali ni wako. Na asitoke, abaki kisimani kwake, na wewe ubaki naye. Mitende ya mwaka huu umeitia chavua wewe, tende utavuna wewe. Sisi tupe nyumba ya juu. Nusu ya chini endelea kuilima.”

Pazia likatikisika. “Baba Aliya, nna maneno,” alisema Bi Rahila.

“Yaweke, Mama Aliya.”

“Nimeyaweka mwaka mzima. Nna watoto wawili na godoro moja, na kaka yangu anakoroma. Leo umepata shamba, na leo hiihii unaligawa?”

“Sigawi kitu. Tunakwenda kukaa, na yeye anakaa.”

“Na vigelegele?”

“Hapana vigelegele. Mtu mwenyewe yuko hapa.”

Bi Rahila alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika. Kisha sahani ya halwa ikasukumwa chini ya pazia, na kahawa ikafuata. Mahfoudh hakushukuru. Alikula, akanawa, na alipokuwa akivaa viatu aliuliza kama yule Mmarekani alisilimu. Mwalimu akasema hapana. Mahfoudh akafikiri, akasema, “Fatiha nimekwisha kuisoma. Mungu mwenyewe ndiye ajuaye aipeleke wapi.”

Tulihamia hapa mwezi uliofuata. Msidhani palikuwa peponi. Watu wawili wazima hawatumii kisima kimoja bila ya kugombana, na ndimu za mpakani zilileta maneno kila mwaka. Lakini Mahfoudh alimfundisha Mwalimu kupanda mtende, akamshusha mara mbili kwa kamba kama mzigo. Mkewe, Bi Masouda, akajifunza kwa Bi Rahila kupika mandazi, na Bi Rahila akajifunza kwake kukausha papa wa Yiti. Kila jioni wanaume wawili hawa walikaa kwenye ukuta wa birika, mmoja akisema na mwingine akibisha. Mwalimu alisema miaka ile ilikuwa mizuri kuliko aliyostahiki. Sisi tulioiona tunasadiki.

Mwaka huu, aliposhika nchi Sultani mpya na mambo yakafunguka, skuli mpya ilihitaji walimu, naye akaitwa. Alinunua kalamu, akanyoa, akatoka hapa kama bwana harusi. Alipewa hesabu kwa kuwa mwalimu wa hesabu hajafika, wala hakujali. Alifundisha kugawanya kwa kutumia farasi.

Moyo ulikwisha kuchoka lakini. Mwezi wa Rajabu miguu ilianza kumvimba na pumzi kumpotea, tukampeleka hospitali ya Wamarekani Matrah. Daktari alimpima kwa huruma, akamweleza ukweli kwa Kiarabu chake kizuri. Mwalimu, badala ya kuuliza ana siku ngapi, aliuliza wazee wa daktari walipigana upande gani. Daktari akacheka, akasema upande ulioshindwa; babu wa babu yake alikuwemo siku ile ya kusalimu amri, na alirudi kwao juu ya farasi wake mwenyewe. Mwalimu alimshika mkono. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa na furaha, nasi tuliobeba habari ya ugonjwa wake hatukujua tufanye nini na furaha ile.

Alifariki hapa nyumbani Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1970, mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Bi Rahila alikuwa kichwani pake. Mahfoudh aliongoza kumwosha, akashuka kaburini kumpokea.

Imebaki habari moja ambayo haikuwamo wasifu huu ulipoandikwa. Jana wazee walianza kunong'ona mambo ya mirathi, na Bi Rahila, aliye ndani kwenye eda, futari hakuigusa. Sheria anaijua. Mjane na mabinti wana mafungu yao, na kinachobaki, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume wala ndugu, ni haki ya Mahfoudh. Akitaka, shamba litapimwa na kukatwa, na kisima huenda kikaangukia kwake. Asingekuwa na kosa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Leo asubuhi Mahfoudh alikuja na mashahidi, akasimama nje ya pazia.

“Bi Rahila,” alisema, “fungu langu nimewapa Aliya na Nasriya. Mashahidi hawa hapa.”

Bi Rahila alimwambia asifanye haraka, kwani yeye mwenyewe ana wajukuu wa kuwafikiria.

“Nilikuja kwake nimeshindwa,” alisema Mahfoudh, “na hakunitazama kama mtu aliyeshindwa. Mimi leo niwatazameje nyinyi?”

Tukasikia Bi Rahila akilia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mahfoudh akamgeukia Harub, akataka kujua kwenye waliobaki yeye ameandikwaje. Harub akamsomea: mtoto wa ami yake. Mahfoudh akatikisa kichwa. Ilibidi kufutwa na kuandikwa upya.

Marehemu ameacha mjane, Bi Rahila. Binti wawili, Aliya na Nasriya. Shemeji, Harub, aliyebaki bila ya mtu wa kumtania. Na ndugu yake, Mahfoudh.

Mwenyezi Mungu amkunjulie kaburi lake, na ampokee kwa upole uleule aliowapokelea watu. Amin.