Barabara Kwanza au Mkate?

Penina alikuwa ameuza ngano yake Karatu, sasa anarudi Mbulumbulu kwa gari dogo la abiria, Noah, amepakata mkate. "Ngano yetu inakwenda Arusha, inaturudia mkate! Nchi itakua lini?" alimlalamikia abiria wa pembeni, mfugaji wa Soitsambu aitwaye Lesiamon. "Tuwekewe kiwanda hapahapa."

"Kiwanda bila barabara, mama? Mikate utaibeba kichwani? Barabara kwanza."

"Kiwanda kikiwepo, barabara itakuja."

"Barabara haina miguu."

Penina akacheka, lakini kukubali, thubutu! Mara Noah ikanasa kwenye tope, ikazima.

"Si nilisema?" Lesiamon akashangilia, utadhani tope lile ni shahidi wake.

Penina akaumega mkate, akampa nusu. "Hata mimi nilisema, baba. Kula kwanza, ndipo usukume."