Kiyoyozi cha Lori la Jeshi

Mwanamke aliyekaa mbele yangu basini alikuwa amepakata kompresa ya kiyoyozi kama mtoto mchanga. Jirani yake, mzee aliyestaafu udereva jeshini, hakuweza kuvumilia.

“Ya gari gani hiyo, binti yangu?”

“Ya lori la jeshi, mzee wangu. Baba alilinunua mnadani. Daktari amemkataza joto, naye hataki kushuka humo.”

“Lori lile halina hata vioo.”

“Nimeshaweka. Na turubai la juu nimeling'oa, nimepiga bati.”

Mzee akaguna kama aliyeletewa habari ya msiba. “Lori lile gia hubadilishwa kwa sikio. Ukimfungia vioo, umemziba masikio.”

“Bora asisikie kuliko nimzike.”

“Mwenyewe umemuuliza?”

“Yuko wodini. Anatoka kesho.”

Hapo dereva wetu akabadilisha gia, na wote wawili wakakunja uso kwa pamoja. Mimi sikusikia kitu.

“Umesikia?” akauliza mzee.

“Kawahi kuachia klachi.”

“Nani alikufundisha kusikia hivyo?”

Basi likasimama. Mwanamke akainuka na mzigo wake, akateremka. Dirisha lake alikuwa ameliacha wazi safari nzima, na vumbi lote nimelila mimi.