Wasifu wa Mzee Futi, Aliyeingia Kila Nyumba Peke Yake

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu: familia imenipa mimi, dada yake mkubwa, kazi ya kuandika maisha yake na kuyasoma mbele yenu. Walinichagua kwa sababu nilimfahamu tangu siku ya kwanza. Pia nilikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita mikononi mwangu ikivuja damu. Nimeombwa niandike kwa upole. Nitajaribu, lakini nawaambieni mapema kwamba mdogo wangu huyu alinichosha.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Agosti 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi bomba na mama mshonaji. Alianza kutembea akiwa na miezi kumi, na wiki hiyo hiyo akapotea. Alitafutwa nyumba nzima, akakutwa uani ndani ya tangi tupu la maji lililolazwa ubavu, ametulia tuli, anagonga kuta zake kwa kijiko na kusikiliza. Mama alilia, baba akacheka. Mimi, niliyekuwa na miaka mitano, ndiye niliyeulizwa nilikuwa wapi. Swali hilo nimeulizwa tangu siku ile mpaka wiki mbili zilizopita.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Akiwa darasa la tano alipanda juu ya paa la shule kufuata mpira, akashuka bila mpira, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu kumwambia kwamba mbao tatu za kenchi zimeoza. Mwalimu mkuu alimchapa kwa kupanda, kisha akamwita seremala. Seremala alikuta mbao nne. Marehemu alikasirika sana, si kwa fimbo alizochapwa, bali kwa ile mbao ya nne iliyompita. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ardhi na majengo mwaka 1983, akahitimu mwaka 1986 akiwa na stashahada ya uthamini.

Kwa wasioifahamu kazi hiyo, mthamini huingia katika nyumba ya watu, huipima, huikagua, kisha huandika inastahili thamani gani, ili anayeuza, anayenunua au benki wajue wanachokishika. Wengine wanadhani ni kazi ya kukaa mezani na kalamu. Hata mimi nilidhani hivyo, nikamwambia mama amshukuru Mungu, huyu hatapanda paa tena.

Mwaka 1988, akiwa bado ameajiriwa, alitumwa kukagua nyumba moja ya vyumba vinne. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa. Mwenye nyumba akamwambia, "Ufunguo anao shemeji, kasafiri. Lakini chumba ni kama hivi vingine tu." Marehemu akaandika kwamba ni kama vile vingine. Nyumba ikanunuliwa, na mwezi haukwisha dari la chumba kile lilishuka lote juu ya kitanda cha mume na mke walioinunua. Kwa rehema za Mungu wote wawili walikuwa jikoni. Marehemu alikwenda kukiona kile kitanda. Alirudi kwangu jioni hiyo, akakaa hajala, akaniambia, "Dada, niliandika kitu ambacho sikukiona." Tangu hapo hakuandika tena habari za chumba ambacho hakusimama ndani yake, wala dari ambalo hakupenyeza kichwa chake. Hapo namwelewa, na namheshimu.

Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini ilikuwa lazima aingie peke yake. Alikuwa na sababu, bila shaka. Huyu hakukosa sababu hata siku moja. Alisema watu wawili hawawezi kukaa bila kuongea, na wakiongea hawasikii. Yeye alikuwa akifika kwenye nyumba anafunga mlango, anasimama katikati ya sebule, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza palipo na uwazi, palipo na maji, palipo na mchwa. Simu aliiacha ndani ya gari ili isije ikaita. Mwaka 1995 alifungua ofisi yake ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule, na tangu siku hiyo hakukuwa na bosi wa kumkataza.

Mwaka 1989 alikanyaga ubao wenye msumari, msumari ukapenya soli na ukatokea juu ya kiatu. Mwaka 1993 aling'atwa na mbwa ambaye mwenye nyumba alikuwa anasema, "Huyo hang'ati, we pita tu." Mwaka 1998 alifungua kifuniko cha dari na kukuta nyuki walioishi humo miaka mingi kuliko wapangaji, nilimtoa miiba sitini na mbili, nyingine masikioni. Mwaka 2004 alishika swichi ya bafuni ukutani penye unyevu, akarushwa hadi kwenye beseni. Mwaka 2011 mpangaji mmoja alidhani amekuja kumtoa kwenye nyumba, akamfungia stoo kwa komeo kwa saa nne. Humo stoo marehemu alitumia muda wake kupima stoo. Kila mara alikuja kwangu na sentensi moja: "Dada, ni mkwaruzo tu." Nami kila mara nilimjibu, "Kwa nini usiende na mtu?" Akiwa na nyuzi nane gotini alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Ofisini walimwita Mzee Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikutoka kiunoni mwake hata kwenye harusi, pamoja na ya kwake. Harusi hiyo ilifungwa Jumamosi, tarehe 24 Novemba 1990. Alimpata wifi yangu kazini. Marehemu alikuwa darini katika nyumba ya wazazi wa huyo wifi, akakanyaga pasipo na boriti, na mguu mmoja ukashuka hadi pajani juu ya baba mwenye nyumba aliyekuwa anasoma gazeti. Kisha sauti ikatoka juu: "Samahani, hapo chini kuna mtu?" Wifi yangu, aliyekuwa amebeba sinia ya chai, akajibu, "Tupo. Siku nyingine utumie mlango." Marehemu alirudi mwenyewe kuliziba lile dari, akaliziba vibaya. Akarudi mara ya pili, akaliharibu zaidi. Mara ya tatu mkwe akamwambia mkewe kwamba shida ya huyu kijana si dari. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana, na wifi yangu akajaliwa miaka thelathini na tatu ya kusubiri mlango ufunguliwe.

Kuanzia mwaka 2017 marehemu alisumbuliwa na kifua. Daktari alisema ni vumbi la madari, kinyesi cha popo na mabati ya zamani ya asbesto, yale yenye nyuzi, akamwagiza avae barakoa kila anapopanda. Alivaa. Aliivaa kidevuni. Nilipomkuta nayo hapo akasema ikifika puani hasikii harufu ya ukungu, na mthamini asiyenusa ni nusu mthamini. Nikaondoka.

Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa tano asubuhi, aliingia kwenye nyumba iliyokaa bila mtu kwa miaka sita. Binti yake, aliyesomea kazi hiyo hiyo na kufanya naye kazi, aliomba kumfuata. Akaambiwa abaki ofisini. Dalali aliyempa ufunguo alimwambia shimo la zamani la maji taka limezibwa siku nyingi. Halikuzibwa. Lilifunikwa kwa mbao, na majani yakaota juu yake. Watu wa kazi hii, wakiwa hawana wa kuwashikia futi, hubana ncha yake kwenye ukuta kisha hutembea kinyumenyume huku wakisoma namba. Marehemu alitembea kinyumenyume mpaka mbao zikaachia.

Alivunjika paja na mbavu nne. Simu ilikuwa ndani ya gari. Mkewe alijua yuko kazini, binti alijua yuko kwenye nyumba fulani, na hakuna hata mmoja wao aliyejua ni nyumba ipi, maana hakuandika popote. Alitolewa saa tisa alasiri, baada ya jirani aliyekuwa anaanua nguo kusikia mtu anagonga jiwe kwa ufunguo.

Nilimkuta wodini, na naungama mbele yenu kwamba sikumpa pole. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Miaka yote hii nakuambia nenda na mtu. Si ungeita basi!" Akanitazama, akasema polepole, "Niliita, dada. Niliita sana." Basi. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, na sijui dawa ya maneno hayo. Baadaye mapafu yaliyokwisha kuchoka yakaingiwa na nimonia. Siku ya kumi alimwita binti yake aandike: upande wa mashariki mita kumi na nane na nusu, upande wa magharibi bado. Alifariki siku iliyofuata, Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Wifi yangu alikuwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Hapa wasifu wa kawaida ungefika kwenye majina ya waliobaki. Lakini juzi, jikoni, nilimsikia binti wa marehemu akiongea na yule dalali kwenye simu. Alikuwa anamwambia Jumatatu atakwenda kuimalizia ile nyumba. Nikamngoja akate simu.

"Unakwenda na nani?"

"Peke yangu, shangazi. Baba angekwenda peke yake."

"Baba yako alikwenda peke yake. Ndiyo maana jikoni kumejaa vikombe vya kuazima."

"Shangazi, nyumba imebaki nusu. Ameniachia upande mmoja tu."

"Na yeye je, ametubakia mzima?"

Akaanza kulia, nami nikalia, na vikombe viwili vikavunjika. Alisema ofisi haina uwezo wa kumwajiri mtu wa kusimama tu. Nikamwambia nitasimama mimi. Akaniuliza kuhusu magoti yangu. Nikamwambia magoti ya kupanda darini yamekwisha, ya kusimama getini bado yapo. Asubuhi yake alinikuta nachuja chai, akaweka karatasi mezani mbele yangu, akatoka. Ameandika hivi: mtaa, rangi ya geti, saa tatu asubuhi. Baba yake hakuwahi kuandika karatasi kama hiyo hata moja.

Marehemu ameacha mke. Binti ambaye ni mthamini. Mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu. Mjukuu mmoja anayejifunza kutembea, ambaye ninaomba asiachwe karibu na matangi. Na dada mmoja mwenye umri wa miaka sitini na sita. Dada huyo, Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi, atakuwa mbele ya geti la kijani akiwa na kiti cha kukunja na simu yenye chaji. Kila baada ya dakika tano atamwita binti kwa jina lake, kwa sauti kubwa, na binti ameahidi kuitika hata kama anasikiliza ukuta. Majirani wa mtaa huo watusamehe kwa kelele.

Mungu ampe mdogo wangu pumziko ambalo mwenyewe hakujipa. Alale. Safari hii akiita, na aitikiwe mara ya kwanza.