Mguu wa Ensio Karppanen

Kwenye kituo cha mafuta cha Kuikkaniemi kuna benchi dirishani, kati ya mashine ya kahawa na rafu ya ndoana za kuvulia samaki. Hapo ndipo tunapokaa sisi ambao wa nyumbani wametuchoka kabla ya saa sita mchana. Tauno tunamwita Dizeli, maana hakuna trekta wilayani ambalo halijapita mikononi mwake. Kauko ni Askofu. Alikuwa akipiga kengele za kanisa, na tangu azaliwe hajawahi kukiri kwamba amekosea. Irma aliyesambaza barua ni Redio, na sababu haihitaji kuelezwa. Mimi niliendesha basi la shule, kwa hiyo wananiita Breki. Asubuhi ile ya Februari baridi ilikuwa ya kugandisha kope, kahawa ilikuwa ya moto, na mzozo ulikuwa uleule wa miaka yote: Ensio Karppanen, mcheza magongo ya barafuni wa hapa kwetu, alivunjika mguu gani kule Amerika?

— Wa kushoto, alisema Askofu. — Mimi niliona kwa macho yangu.

— Uliona wapi wewe? Dizeli akadakia. — Televisheni yako siku zile ilikuwa chenga tupu, kama mtu anamwaga unga. Ni wa kulia, mzee.

— Kushoto!

— Kulia! Na unajua kwa nini aliweza kusimama tena? Kwa sababu mifupa yake iliganda toka utotoni. Mfupa ulioganda hauumi. Muulize fundi yeyote.

— Fundi wa matrekta?

— Chuma ni chuma, mfupa ni mfupa, vyote vinaganda!

Redio alikuwa anatafuna andazi la iliki. Akameza, akajifuta midomo.

— Nyie wote hamna habari, alisema. — Mguu ule haukuwa na mfupa wake. Aliwekewa mfupa wa kulungu wa kaskazini alipokuwa anachezea timu ya mjini Tampere. Daktari alikuwa binamu yake shemeji yangu.

— Irma! Kulungu?

— Kulungu dume. Ndiyo maana alikuwa hageuki vizuri kushoto.

— Si unaona? Askofu akapiga benchi. — Kushoto!

Mimi nilicheka hadi kahawa ikanipalia. Lakini niseme ninachokijua, kwa sababu Ensio nilimbeba kwenye basi langu tangu hajaota ndevu. Mama yake, Sylvi, alishona mabuti kiwandani. Viatu vyake vya kwanza vya barafu, vile vyenye chuma cha kutelezea, vilikuwa vya dada yake, vyeupe kabisa. Akavipaka masizi ya jiko ili wenzake wasimcheke, na soksi zake zikawa nyeusi majira yote ya baridi. Mfuko wake wa vifaa ulinuka kiasi kwamba watoto walifungua madirisha ya basi huku nje theluji inamwagika. Hakuwa na mbio. Kufunga mabao hakujua. Alichokuwa nacho ni kimoja tu: hakukiogopa kisahani. Kile kipande cha mpira mgumu kikija kwa kasi ya risasi, watoto wengine waligeuza uso. Yeye alijitupa mbele yake.

Tampere walimchukua kwa hilo. Kisha Amerika. Alicheza kule hadi nywele zikaanza kumtoka, na mabao yake unaweza kuyahesabu kwa vidole, lakini hakuna kocha aliyekubali kumwachilia.

Halafu ikaja ile nusu fainali. Dakika za mwisho, timu yake inaongoza kwa bao moja, na Mswidi mmoja wa timu pinzani akavuta gongo lake nyuma, akapiga. Karppanen akalala barafuni mbele ya kisahani. Kikampata mguuni. Akainuka kwa goti moja, huku amekunja uso, na kisahani kikarudi kwa Mswidi yuleyule. Akalala tena. Kengele ikalia, wakawa wameshinda, na yeye akatolewa amebebwa. Siku ile Kuikkaniemi nzima ilitembea kifua mbele. Majirani waliokuwa wamenuniana kwa ajili ya mpaka wa msitu walishikana mikono mbele ya duka. Sylvi alipofika kiwandani, mashine zote zikazimwa, wanawake wakasimama kumpigia makofi.

Alirudi kwetu mwisho wa yote, nyonga imekwisha. Akanunua nyumba ya zamani ya mwalimu huko ziwani, akatulia kimya.

Basi tulikuwa bado kwa kulungu, mlango ukafunguka. Akaingia mzee mrefu mwenye pua iliyopinda, kofia mkononi. Kifini chake kilikuwa cha kuungaunga, cha mtu aliyewahi kuishi nchini kwetu siku nyingi zilizopita. Aliomba kahawa, akasimama anatusikiliza. Askofu na Dizeli walikuwa wamerudia kushoto na kulia.

— Kulia, mgeni akasema.

— Nilisema mimi! Dizeli akaruka.

— Kisha kushoto, akaongeza mgeni. — Pigo la kwanza lilivunja kifundo cha kulia. La pili likapasua kidole gumba cha mguu wa kushoto. Yote miwili.

Benchi lote likamgeukia.

— Samahani, bwana, Redio akasema. — Wewe umeyajuaje hayo?

— Mimi ndiye niliyepiga. Naitwa Sixten Wadman.

— Mswidi! Dizeli akasema kama mtu aliyeona nyoka ndani ya buti.

Redio akamkanyaga Dizeli mguu, akasogea, akampa mgeni nafasi. Wadman aliketi, akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Nilisikia mlio, alisema. — Nikadhani ni gongo limevunjika. Halafu nikaona gongo lake ni zima. Kisahani kilinirudia, na yeye yuko chini mbele yangu. Nikajiambia, huyu hatalala tena, hakuna mtu anayelala tena. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Akalala.

Akapuliza kahawa yake.

— Nimecheza maisha yangu yote. Ni mtu mmoja tu aliyenifanya nione haya kwa kupiga vizuri. Nimeambiwa anaishi hapa.

— Anaishi hapa, bwana! Askofu akasema, kifua mbele. — Ni wetu huyo. Wa hapahapa.

— Vizuri. Wadman akatabasamu. — Niambieni, basi. Bado anateleza barafuni?

Dizeli alikohoa. Alikuwa amemtengenezea Karppanen mashine ya kuondolea theluji wakati wa vuli, akamwona anatembelea fimbo, basi. Redio alikuwa amemwona dukani akinunua samaki, mara moja tu, baada ya upasuaji wa nyonga. Mimi nilikuwa nimempungia mkono barabarani. Miaka yote tumeubishania mguu wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza unamsumbua au la. Tuliona fahari kubwa juu yake, tukaibakiza hapo benchini.

Askofu alitazama ndani ya kikombe chake.

— Sijui, alisema. Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

— Basi nipelekeni, akasema Wadman.

Tulijibana garini mwake. Nyumbani kwa Karppanen hakuna aliyefungua mlango, lakini tulisikia mkwaruzo kutoka nyuma, tukazunguka hadi ziwani.

Alikuwa amesafisha kipande kikubwa cha barafu. Yule mtu aliyelala mbele ya mapigo ya Amerika alikuwa anasukuma kiti cha jikoni juu ya barafu, kama watoto wadogo wanavyojifunza, hatua moja, mtelezo mdogo, hatua nyingine. Hakuona haya yoyote. Alikuwa amenyooka, uso mwekundu kwa baridi.

Akatuona. Akamtazama yule mrefu mwenye pua iliyopinda kwa muda mrefu, kisha akaachia kiti.

Redio alinishika mkono. Karppanen alikuja bila kushikilia kitu, taratibu, akiyumba kidogo, hadi akafika ukingoni na kusimama mbele ya Mswidi.

— Wadman, alisema. — Umezeeka vibaya.

— Na wewe umezidi kuwa mzito.

Walikumbatiana kwa nguvu, wakipigapigana migongoni. Dizeli akatoa leso, akasingizia baridi.

— Umekuja na viatu vya barafu? Karppanen akamuuliza.

— Viko garini.

— Vilete. Kisha akatugeukia sisi, tuliojipanga kwenye theluji kama watu wa mazishini. — Na nyie, Breki, mbona mmesimama huko? Kuna viatu vya ziada ghalani, saizi zote.

Askofu, na uzee wake wote, alikuwa wa kwanza kukimbilia ghalani.